Mti wa Kwato wa Rosa

Jumamosi, 1 Machi 1986

Nyamasaria. Joto. Leo nimesoma barua isiyo yangu. Naandika hapa kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Ilikuwa hivi. Rosa alinipa barua niipeleke posta. Ya kwenda kwa rafiki yake Jentrix, waliyelala naye bweni moja miaka thelathini iliyopita. Bahasha haikuwa imeshika vizuri. Mtu aliyekuwa karani miaka thelathini na miwili hawezi kuona bahasha iliyofunguka akaipita tu. Nilitaka kuhakikisha kurasa zimetimia. Zilikuwa mbili. Ya pili ilisema: "Njoo Jumamosi tarehe ishirini na mbili tule pamoja mchana. Sasa tuna nyumba yetu wenyewe, na mbele ya dirisha kuna mti kama ule wetu wa bwenini, wenye majani ya kwato la ng'ombe. Tutakaa hapo tuzungumze."

Mbele ya dirisha letu hakuna mti. Kuna udongo mweusi uliopasuka, tangi la maji, na rundo la kokoto lililobaki tulipojenga.

Mke wangu hasemi uongo. Ni mwalimu wa shule ya msingi, na hata mtoto akimwuliza kama sindano inauma humwambia ndiyo. Sasa amesema uongo mmoja, tena kwa rafiki yake wa karibu kuliko wote, kwa sababu ya ua wangu mtupu. Tulipokuwa tunaishi nyumba za kupanga nilimwahidi kwamba siku tukijenga atakuwa na maua mpaka mlangoni. Nyumba ina miaka miwili sasa. Nilichofunga ni kamba ya kuanikia nguo tu.

Nimeifunga bahasha kwa ugali kidogo nikaituma. Nina siku ishirini na moja. Rosa atapata mti wake. Na asijue kwamba najua.

Jumapili, 2 Machi

Baada ya kanisa nimepita kwa jirani, Kangethe. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Alikuja Kisumu akiwa kijana kutoka Murang'a na amefanikiwa katika kila kitu, jambo ambalo limenichosha. Hata nyasi zake hukatwa kila Ijumaa.

Karibu na ua unaotutenganisha ana mti. Sijawahi kuuangalia kwa makusudi. Leo nimeuangalia. Kila jani limegawanyika katikati, kama kwato la ng'ombe. Na umejaa maua ya zambarau, makubwa, utadhani vipepeo wametua.

Nimemwuliza kijanja, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Amenieleza saa nzima. Amesema ipo ya zambarau, ipo ya pinki, ipo nyeupe. "Bwana Oketch, panda huu wa zambarau. Nitakuja mwenyewe kukusaidia kuchimba shimo."

Basi zambarau haimo tena. Mti wa Rosa hautakuwa mtoto wa mti wa Kangethe. Imebaki pinki au nyeupe. Rosa hakuandika rangi katika barua. Na siwezi kumwuliza.

Jumanne, 4 Machi

Kwa Ouma, anayeuza miche kando ya daraja. Mtu mpole, mrefu, hufunga kichwa kwa kitambaa chenye maji. Nilimwambia nataka mti wa kwato wenye maua kabla ya tarehe ishirini na mbili.

Akaniuliza ya mwaka gani. Nikamwambia mwaka huu, mwezi huu. Ouma aliketi juu ya wilibaro akacheka mpaka kitambaa kikaanguka. Miche yake inafika magotini, na maua huja baada ya miaka mitatu, minne.

Lakini nyuma ya kibanda kulikuwa na mmoja katika nusu ya pipa, umenipita kwa kichwa kizima. Mteja aliulipia miaka minne iliyopita, akahamia Nakuru, hakurudi. Je, ni wa rangi gani? Ouma hajui. Haujawahi kutoa ua. Anasema unaweza kutoa kesho, unaweza kutoa mwaka ujao.

Nimeuchukua. Ataniletea Jumamosi ya wiki ijayo. Kama ni pinki au nyeupe, nitajua la kufanya nikishajua Rosa anakumbuka ipi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu kwa njia ya mapazia. Wakati wa chai ya jioni nimemwambia Rosa nafikiria tubadilishe mapazia ya sebuleni. Ameshangaa, kwa sababu mimi nilikuwa sijui kwamba sebule ina mapazia. Nimemwambia achague kati ya pinki, nyeupe na zambarau.

Amefikiri kidogo. Amesema kijani.

Nimemwambia kijani hakimo. Amesema, "Baba Awuor, kama umeshachagua, mbona unaniuliza?" Akarudi kwenye vitabu vya watoto anavyosahihisha.

Njia ya mapazia imekwisha. Nitaenda kuuona mti wenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepanda basi asubuhi mpaka kwenye ile shule ya wasichana aliyosoma Rosa, juu upande wa Maseno. Nimemwambia Rosa naenda kuona ng'ombe. Nimevaa koti langu la kazini ili nionekane mtu wa maana.

Langoni kuna askari mzee aitwaye Wakoli. Aliniuliza, "Mzee, unamtafuta nani?"

Nikasema, "Simtafuti mtu. Natafuta mti. Uko karibu na bweni."

Akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia. Akasema amelinda lango hilo miaka ishirini na sita, na wanaume wamemletea sababu nyingi za kutaka kukaribia bweni. Wengine ni mafundi bomba, wengine ni wajomba. Hii ya mti ni mpya, na angependa kuisikia yote.

Nikamweleza yote. Hata barua. Sijui kwa nini ni rahisi kumwambia ukweli mtu usiyemjua. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga lango, akanipeleka mwenyewe.

Mti haupo. Kimebaki kisiki. Ulikatwa mwaka jana walipopanua jiko. Nilisimama pale nimevua kofia kama mtu aliyechelewa mazishi.

Nikauliza ulikuwa wa rangi gani. Wakoli akasema nyeupe. Mpishi, Mama Nakhungu, akatoa kichwa dirishani akasema Wakoli haoni vizuri, ulikuwa wa pinki, yeye ndiye aliyefagia yale maua. Wakoli akasema Nakhungu alikuwa anafagia maua yaliyokwisha kunyauka, na ua likinyauka hubadilika. Waliendelea. Nadhani wanaendelea hata sasa. Kabla sijaondoka Mama Nakhungu alinijazia mfuko wa koti maganda makavu ya mbegu, aliyoyaokota siku ule mti ulipoanguka. Alisema nisirudi kwa mke wangu mikono mitupu.

Rosa ameniuliza ng'ombe alikuwaje. Nimesema mnene.

Jumatano, 12 Machi

Siku mbaya.

Akina mama wa kanisani walikuja kwetu kwa maombi saa kumi. Wanawake kumi na mmoja sebuleni, mwenyekiti wao Mama Perez akiongoza. Mimi nilikuwa chumbani nikijifanya nasoma gazeti. Koti langu lilikuwa limetundikwa kwenye kiti cha sebuleni karibu na dirisha, juani.

Hakuna aliyeniambia kwamba maganda ya mti ule yakipata joto hupasuka yenyewe, na kwa nguvu.

La kwanza lilipasuka Mama Perez alipokuwa anaomba Mungu aondoe hofu katika nyumba hii. Paa. Kisha matatu kwa pamoja. Mbegu moja iligonga picha ya harusi yetu, nyingine ikamgonga mweka hazina shingoni. Nilipotoka, wanawake wanane walikuwa chini sakafuni, wawili nyuma ya kabati, na koti lilikuwa bado linalia. Mama Perez peke yake alibaki amepiga magoti, macho yamefumbwa, akaongeza sauti.

Rosa ametoa ganda mfukoni, akaniangalia. Ilibidi niseme kitu. Nimesema ni dawa ya mgongo.

Mama Perez akasema dawa hiyo haifai, mgongo hutibiwa kwa mwarobaini. Anao nyumbani. Ameutuma kabla ya jua kuzama, sufuria nzima umechemshwa, na Rosa amesimama mbele yangu mpaka nimemaliza kikombe. Vikombe viwili kwa siku, siku tatu. Mgongo wangu hauna neno. Tumbo ndilo lina mengi.

Jumamosi, 15 Machi

Mti umefika kwa mkokoteni, Ouma akiusukuma na wanaume wawili, Rosa akiwa sokoni.

Nilikuwa nimechimba shimo la kutosha kuzika sufuria. Udongo huu mweusi ukikauka ni kama saruji. Kangethe alitokea upande wa pili wa ua na jembe begani. Sikumwita. Alileta na mbolea ya ng'ombe, madebe mawili. Akachimba shimo zima huku mimi namwelekeza. Hakuuliza mti ni wa nini. Aliusimamisha, akaukanyagia udongo, akasema ni mti mzuri kuliko wake. Nimekasirika, maana alimaanisha kweli.

Rosa alirudi saa saba. Aliweka kikapu chini langoni. Akaja mpaka kwenye mti, akashika jani moja, akalikunja kwenye mkunjo wake wa katikati kama mtu anayefunga kitabu, akalikunjua.

Kisha akauliza umetoka wapi. Nikasema kwa Ouma. Akauliza nani alichagua. Nikasema mimi, niliona tu ni mti mzuri.

Akaokota kikapu akaingia ndani. Nikamsikia jikoni anaimba wimbo ambao sijawahi kuusikia, wa Kiingereza, wa wasichana wa shule. Nimekaa juu ya kokoto nikasikiliza mpaka ulipokwisha. Mwarobaini umeharibu macho yangu pia, yalikuwa yanatoa maji.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza. Mti umeshika. Majani yamesimama. Hakuna ua hata moja.

Jibu la Jentrix limefika. Kwa mvuke wa birika bahasha hufunguka bila shida, hilo nilijifunza kazini. Ameandika kwamba atakuja, atalala kwa dada yake mtaani Obunga, na kwamba siku hiyo, nanukuu, "nitavaa rangi ya maua yetu, na wewe vaa, tuone."

Hakutaja rangi. Wanawake hawa wawili wameandikiana maisha yao yote na hawajawahi kutaja rangi.

Ijumaa, 21 Machi

Kesho. Bado hakuna ua.

Nimeamua. Kama mti hautoi maua, yatatolewa mahali pengine na kufungwa kwa uzi. Rosa ana uzi mweusi kwenye kikebe cha cherehani. Rangi ndiyo iliyonisumbua kutwa. Wakoli anasema nyeupe. Nakhungu anasema pinki. Nikichagua moja na ikawa siyo, Rosa ataaibika mbele ya Jentrix, na itakuwa kwa mkono wangu. Nimefikiri kama mtu mzima. Jibu ni kufunga zote. Kila mmoja ataona ile anayoikumbuka.

Nyeupe zipo kanisani. Pinki zipo mjini, barabara ya Milimani. Na kwa sababu sitaki kuacha nafasi ya makosa, zambarau pia.

Nilipokuwa nimepitisha mkono juu ya ua unaotutenganisha na Kangethe, alitokea. Aliniuliza naendeleaje. Mkono wangu ulikuwa umeshika tawi lake. Nikamwambia nimeona viwavi kwenye mti wake nikaona nimsaidie kuwatoa.

Alinishukuru. Akaniletea ngazi.

Jumamosi, 22 Machi

Nitaandika yote.

Saa mbili asubuhi Rosa alikwenda kununua samaki. Nilikuwa na maua arobaini na matatu kwenye ndoo. Nilimaliza kuyafunga saa tano. Ukiangalia kutoka barabarani, ulikuwa mti wa ajabu. Ukiangalia kwa karibu, uliona nyuzi.

Rosa alirudi akaingia kwa mlango wa nyuma, akaanza kupika, hakuuona. Kisha akabadilisha nguo. Akatoka amevaa blauzi ya pinki. Moyo wangu ukatulia. Pinki zilikuwepo kumi na nne.

Saa sita Jentrix akafika. Mwanamke mnene, mchangamfu, muuguzi mstaafu. Amevaa gauni jeupe. Nikashukuru kwamba sikuchagua. Kangethe alikuwa naye langoni, Rosa alikuwa amemwalika.

Walikumbatiana muda mrefu wakicheka nguo zao. Kisha Jentrix akageuka kuutazama mti. Rosa naye akageuka. Jua lilikuwa kali baada ya mvua na maua yalikuwa yamelegea, yananing'inia kwenye nyuzi kama soksi. Moja jeupe likaanguka. Kangethe akaliangalia tawi la zambarau, akaniangalia mimi, akaangalia viatu vyake.

Jentrix akasema polepole, "Rosa. Mti wetu haukuwa na maua."

Rosa akasema, "Haukuwa nayo. Hata moja."

Ndipo nikaelewa, maneno yakija moja moja. Ulipandwa mwaka walioingia kidato cha kwanza. Walikaa nao miaka minne na haukutoa ua. Kila muhula walikuwa wanabishana utakuja kutoa rangi gani. Jentrix alisema nyeupe, Rosa alisema pinki. Walimaliza shule bila kujua. Walichokuwa wanapenda ni majani. Jani moja hujikunja kama barua. Walikuwa wanaliandikia kwa pini ya nywele, wanalikunja, na kulipitisha kitanda kwa kitanda taa zikizimwa.

Tangu Jumamosi iliyopita mti ule ulikuwa sawasawa kabisa. Mimi ndiye niliyeuharibu asubuhi ya leo.

Rosa aliniuliza mbele ya wote nilijuaje habari ya mti wa bwenini. Nikatafuta uongo. Nilikuwa nao wa namna mbili, mmoja mzuri. Lakini alikuwa ananiangalia na blauzi ile ya pinki. Nikasema nilisoma barua. Nikasema nilienda mpaka shuleni, hakukuwa na ng'ombe. Nikawaambia habari ya kisiki, na Wakoli, na Mama Nakhungu na ufagio wake.

Nilingoja. Rosa alishika ua moja lililolegea, akautazama uzi wake.

Kisha akasema, "Ulienda mpaka Maseno kuuliza rangi?"

Nikasema ndiyo.

"Na walisemaje?"

Nikamwambia mmoja alisema nyeupe, mwingine alisema pinki. Wale wanawake wakatazamana, wakapiga kelele kwa pamoja kama wasichana, kila mmoja akidai ameshinda. Jentrix akanishika bega akasema, "Shemeji, umetuletea tatizo letu lilelile baada ya miaka thelathini. Asante."

Rosa akaleta mkasi. Walikata nyuzi wenyewe, wawili, wakizungumza. Nilitaka kusaidia. Rosa akasema nikae. Kangethe akaniletea kiti changu mwenyewe, akakaa karibu nami, akasema viwavi wa mwaka huu wamekuwa wakubwa. Hakusema zaidi. Sijui nitamchukia vipi mtu wa namna hii, lakini nitajaribu.

Tulikula samaki mbele ya dirisha. Mti hauna kivuli cha maana bado, kinatosha sahani mbili. Baada ya chakula Jentrix alichuma jani, akachomoa pini kwenye nywele, akaandika kitu huku akiniangalia. Akalikunja akampa Rosa. Rosa akasoma, akacheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa leso. Nikauliza limeandikwa nini. Wakasema si langu.

Usiku Rosa ameniambia mambo mawili. La kwanza, nisifungue tena kitu chake bila ruhusa. La pili, alikuwa amepanga kumwambia Jentrix ukweli langoni, kwamba hakuna mti, kwamba aliandika hivyo kwa sababu alitamani. Hakuhitaji kusema. Kisha akashika mkono wangu, akauliza mgongo wangu unaendeleaje.

Nimeahidi. Nimeahidi kwa dhati kabisa.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Rosa yuko shuleni.

Nilikuwa natafuta miwani yangu. Inawezekana kabisa ikawa ndani ya Biblia ya Rosa, watu husahau miwani mahali pa kila namna. Haikuwemo. Lililokuwemo ni lile jani, katikati ya Zaburi, limekunjwa.

Sikulifungua. Nililiinua tu kwenye mwanga. Lilikuwa limekauka kuliko nilivyotegemea. Niliona herufi tatu, J, O, R, ambazo ni mwanzo wa jina langu, kisha likavunjika vipande vipande mkononi. Vingine vimeingia kwenye Zaburi na havitoki.

Nikakaa kidogo nikafikiri. Rosa akilikosa atahuzunika, na sitaki ahuzunike. Nikatoka kwenye mvua nikachuma jani lenye ukubwa uleule. Pini ya nywele ilikuwepo kwenye meza yake. Mwandiko wa Jentrix naujua, nimesoma barua yake. Kilichobaki kilikuwa kukisia maneno, na nilikuwa na herufi tatu za kuanzia.

Nimeandika: Joram ni mume mwema.

Nimelikunja, nimelirudisha palepale. Kisha nimelitoa tena. Jani lilikuwa na nafasi bado, nikaongeza neno moja: sana.